Mstari wa Nne

Wiki ya kwanza niliandika ubaoni:
Njoo mapema. Onyesha njia, si jibu tu.
Jadilianeni hadi koo ziwakauke,
lakini ukishika kalamu, uwe peke yako.
Atakayenakili, sifuri.
Nikapiga mstari chini yake, chaki ikakatika.
Chilumba, kiti cha nyuma, akauliza
kama sifuri hiyo ina nukta.
Wakacheka. Mimi sikucheka.

Swali la tatu nililitunga mwenyewe
miaka mitatu nyuma, msimu wa korosho,
malori ya Tandahimba yakiingia Mtwara usiku kucha:
Korosho imeanikwa. Unyevu wake kumi na sita kwa mia,
unyevu wa hewa huishia sita.
Kasi ya kukauka hufuata kile kilichozidi hewa.
Siku mbili zimepita, umebaki kumi na moja.
Lini utafika nane, mpimaji wa chama aipokee?
Mlinganyo tofautishi wa kwanza kabisa,
mtoto wa mkulima angeunusa tu.

Jumapili, Chikongola, umeme umekatika
(mji wa gesi, nasi twasahihisha kwa tochi ya simu).
Karatasi ya kwanza: siku tatu nukta saba. Pata.
Ya pili: tatu nukta saba. Pata.
Ya tano, ya tisa, ya kumi na nne,
hatua zile zile, kuruka kule kule,
hata "hivyo basi" wameiandika "hivo basi",
wote, kama waliozaliwa tumbo moja.
Nikahesabu: kumi na wanane.
Nikaanza kutunga hotuba ya wizi,
tamu, ndefu, yenye methali mbili.

Kisha Asumini Namwewe: siku nne nukta sita.
Nikaweka kosa.
Mkono ulikuwa umeshazoea njia,
haukuniuliza.
Kosa jekundu, karatasi ikatoboka.

Ndipo nikaona penseli yake pembeni, ndogo:
*Mwalimu, nimehakiki kwa korosho za baba.
Kwetu Kitama haikauki mpaka sifuri.
Huishia pale hewa ilipoishia.*

Nikatoa faili la zamani,
jibu la mfano, mwandiko wangu.
Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, sawa.
Wa nne, sita ya hewa haipo.
Imedondoka tu, kama kifungo cha shati,
na mimi nimeendelea kutembea.
Hapo chini, kwa wino wangu: *hivo basi*.

Miaka mitatu.
Waliiba kwangu kosa langu,
nami kila mwaka nikalilipa alama kumi.
Gunia la siku tatu nukta saba lingefungwa bichi,
lingevunda ghalani,
na mpimaji angemkazia macho mkulima,
si mimi.

Jumatatu sikuitoa ile hotuba.
Niliandika mstari wa nne ubaoni, ulivyo,
nikasimama kando yake.
Nikasema, huu ni wangu.
Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukanyamaza.
Nikasema, walionakili, sifuri, na haina nukta.
Chilumba akatazama kiatu chake.
Nikasema, Asumini, kumi.

"Na wewe, mwalimu?"
Sauti ilitoka dirishani, au katikati, sikuona kinywa.
Nilifungua mdomo. Kisobadilika ninachokijua
ni kimoja tu, cha mwisho wa kila jibu,
na thamani yake haipatikani
mpaka useme ulianzia wapi.
Nikasema: "Nilianzia kwa kutosoma."

Asumini alikuwa ameshapokea karatasi yake.
Nilikuwa nimeiwekea pata, kubwa, kando ya tundu.
Alikuwa akilisawazisha lile tundu kwa kidole gumba,
taratibu, kutoka nje kwenda ndani,
nalo likabaki tundu.